Rüdesheim am Rhein kwa saa tano: anza juu, malizia chini

Meli nyingi za utalii zinazosafiri Mto Rhine kati ya Amsterdam na Basel hutia gati Rüdesheim, mji mdogo wa jimbo la Hessen, Ujerumani, ulio ukingo wa kulia ukitazama maji yanakoelekea. Abiria hupewa saa nne au tano za kutembea, na wenye bahati hulala hapo. Karibu wote hufanya kosa lile lile. Wakishuka tu, wanaingia Drosselgasse, kichochoro maarufu cha mji. Wanakula, wanakunywa, wanasikiliza muziki, na wakija kukumbuka kwamba nyuma ya mji kuna mlima wenye mandhari ya kutazamwa, foleni ya magari ya waya, yaani vibanda vinavyopandisha watu mlimani kwa kamba ya chuma, imeshajikunja mara mbili na saa ya kurudi melini imekaribia.

Geuza mpango huo. Panda mlimani kwanza, pita msituni kwa miguu, shuka upande wa pili hadi kijiji cha Assmannshausen, rudi kwa boti au treni, na kichochoro ukiache mwisho. Mzunguko mzima unachukua saa tatu hadi tatu na nusu bila kukimbizana.

Kufika, kama hukuja na meli

Wanaoishi Frankfurt, Mainz au Wiesbaden hawahitaji meli. Treni ya mkoa RB10 inatoka kituo kikuu cha Frankfurt na kufika Rüdesheim kwa muda wa saa moja na robo hivi. Kutoka Wiesbaden ni zaidi kidogo ya nusu saa. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, inakubalika humo. Asiye nayo anunue tiketi kabla ya kupanda, kwa sababu faini ya kukamatwa bila tiketi ni euro 60, na mkaguzi hapokei maelezo kwamba mashine ilikuwa na foleni.

Unapotafuta safari kwenye simu andika "Rüdesheim (Rhein)". Kuna Rüdesheim nyingine kando ya mto Nahe, karibu na Bad Kreuznach, na programu ya ramani haitakuuliza unataka ipi. Ukikosea utajikuta kwenye mji wenye mizabibu vilevile, lakini mto uliouendea haupo.

Mahali pa kukaa ndani ya treni ni jambo la kufikiria. Kutoka Wiesbaden kwenda Rüdesheim mto uko kushoto. Ila Wiesbaden ni kituo cha mwisho wa reli: treni inaingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia. Kwa hiyo ukipanda Frankfurt, kaa kulia. Treni ikigeuka Wiesbaden, dirisha lako litakuwa upande wa mto bila wewe kuinuka.

Jambo lingine ni ukarabati. Reli hii ya ukingo wa kulia ni mojawapo ya njia zinazobeba mizigo mingi zaidi Ulaya, na imepangiwa kufungwa kwa miezi kadhaa kuanzia Julai 2026 ili itengenezwe upya. Ukiona herufi SEV kwenye ratiba, maana yake ni basi badala ya treni. Ongeza angalau nusu saa kwenye hesabu zako, na usiache basi la mwisho kuwa ndilo tegemeo lako la pekee.

Kwa anayekuja na gari: kati ya eneo la Mainz na Wiesbaden na mji wa Koblenz hakuna daraja hata moja la kuvuka Rhine. Lililokuwepo karibu na Rüdesheim liliharibiwa mwaka 1945 na halikujengwa tena. Mabaki ya nguzo zake bado yanaonekana. Watu wanavuka kwa pantoni. Ya Rüdesheim inakwenda Bingen na inabeba magari, baiskeli na waendao kwa miguu. Ukivuka na unataka kuendelea kwa treni upande wa pili, angalia jina la kituo kwa makini: Bingen (Rhein) Stadt na Bingen (Rhein) Hauptbahnhof ni vituo viwili tofauti, vimeachana karibu kilomita mbili. Neno Hauptbahnhof, yaani kituo kikuu, huwadanganya wageni wakidhani ndicho kilicho katikati ya mji. Cha katikati ni Stadt.

Kushuka melini

Meli za mtoni zimepangwa gati kwa gati mbele ya mji, na kila gati lina namba. Kabla ya kuondoka, piga picha ya mambo mawili: namba ya gati na saa ya kurudi iliyoandikwa kwenye ubao wa mapokezi. Meli hizi zinafanana mno. Nyingi zina urefu wa mita 110 au 135 na upana wa mita 11.4 hivi, kipimo kinachotokana na milango ya maji (vizuizi vya kupandisha na kushusha meli) zinayopaswa kupenya, na ukizitazama kutoka barabarani ni mstari mmoja mweupe.

Siku za msongamano meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili au hata tatu. Hapo unapita ndani ya meli ya jirani ili kufika nchi kavu, na chumba ulicholipia kwa ajili ya dirisha la mtoni kitatazamana na dirisha la mtu mwingine umbali wa mkono. Vuta pazia kabla ya kubadilisha nguo. Hakuna wa kumlalamikia, ndiyo desturi ya bandari ndogo. Ukirudi utakuta pengine meli zimebadilishana nafasi, kwa hiyo tafuta jina la meli yako, usitafute sura yake.

Chukua kadi ya kutokea wanayokupa mapokezi na uirudishe ukiingia. Kwa kadi hizo ndivyo wahudumu wanavyojua nani bado yuko nje. Mtu anayeingia bila kuirudisha hutafutwa mji mzima ilhali amelala chumbani.

Kisha reli. Hii ndiyo inayowakwamisha watu Rüdesheim kuliko kitu kingine chochote. Njia ya treni imepita kati ya mto na mji, na unavuka kwenye geti. Treni za mizigo ni ndefu na zinafuatana. Geti likifungwa huweza kubaki hivyo mpaka treni mbili zipite, moja kila upande. Weka dakika 15 za ziada kwa kila safari ya kuvuka, hasa ya kurudi. Usiinamie chini ya mti wa geti hata ukiwaona wengine wakifanya hivyo: treni ya pili hufichwa na ya kwanza. Usiku nazo hazilali, kwa hiyo kama meli inalala hapo, uwe na vizibo vya masikio.

Mzunguko wenyewe

Kituo cha chini cha magari ya waya kiko Oberstraße, mtaa wa juu wa mji, hatua chache kutoka mwisho wa Drosselgasse. Hufunguliwa asubuhi, kati ya saa tatu na saa nne kulingana na msimu. Ukifika hapo mapema unapanda moja kwa moja. Kuanzia saa nne na nusu makundi ya meli yanawasili pamoja, na hali haitulii hadi alasiri.

Hapa neno moja kuhusu saa. Ratiba zote huku zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24 na hesabu yao inaanzia usiku wa manane. 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Tukipanga safari kwa Kiswahili huku tunasoma ratiba ya Kijerumani, mmoja kwenye kundi lazima akosee, kwa hiyo kubalianeni tangu mwanzo mnatumia saa ipi.

Dirishani kuna tiketi za aina kadhaa: kupanda tu, kwenda na kurudi, na ya mzunguko, Ringtour, inayounganisha magari ya waya, viti vya waya vya Assmannshausen na boti ya kurudi. Ya mzunguko ina manufaa kama una uhakika wa boti. Uliza boti ya mwisho kutoka Assmannshausen ni saa ngapi kabla hujalipa. Kama jibu linakubana, nunua ya kupanda na ya viti tu, kisha rudi kwa treni RB10: ni mwendo wa dakika tano, na kwa kawaida hupita kila saa.

Magari ya waya ni vibanda vidogo vilivyo wazi, vya watu wawili, na vimekuwa vikipandisha watu tangu mwaka 1954. Safari ni dakika 10 hivi, mita 200 kwenda juu, ukielea karibu sana na mizabibu kiasi cha kuona mashada. Mwenye hofu ya kimo akae akitazama mlima wakati wa kupanda. Ukitazama nyuma unaona bonde lote linadidimia chini yako. Simu ishike kwa mikono miwili au ivalishe kamba. Ikianguka imeanguka kwenye shamba la mtu, na humo hupati kuingia kuitafuta.

Asiyetaka kulipa, au aliyekuta foleni, anapanda kwa miguu kupitia mashamba: dakika 45 hadi saa moja. Njia imewekwa alama, lakini ni ya mteremko mkali usio na kivuli. Kiangazi nenda na lita moja ya maji kwa kila mtu.

Juu unakuta mnara wa Niederwald, wenye kimo cha mita 38, juu yake mwanamke wa shaba aliyeinua taji: Germania, sura ya taifa la Ujerumani. Kaisari Wilhelm wa Kwanza aliweka jiwe la msingi mwaka 1877, na ukazinduliwa tarehe 28 Septemba 1883 kuadhimisha kuundwa kwa dola ya Ujerumani mwaka 1871. Siku ya uzinduzi kuna waliotega baruti wamlipue Kaisari na wageni wake. Walikuwa wamebana matumizi wakanunua utambi usiohimili maji. Usiku mvua ikanyesha, utambi ukalowa, baruti haikuwaka. Msomaji kutoka Tanzania, Burundi au Rwanda ana sababu yake ya kuutazama mnara huu kwa dakika moja zaidi: dola hiyo inayosherehekewa hapa ndiyo iliyokuja kudai ardhi ya Afrika Mashariki mwaka 1885, miaka miwili tu baada ya uzinduzi.

Mandhari bora hayako miguuni pa mnara. Tembea hatua chache hadi kwenye kihekalu cha mviringo chenye nguzo. Kutoka hapo unaona mji wa Bingen ng'ambo, mahali mto Nahe unapoingia Rhine, na visiwa virefu vya katikati. Unaona pia kwa nini mizabibu imejaa hapa. Rhine ambayo kwa kawaida inaelekea kaskazini, ikifika Mainz inazuiwa na milima ya Taunus na kulazimika kwenda magharibi kwa karibu kilomita 30, mpaka Bingen inapopata upenyo na kugeuka tena kaskazini. Kipande hicho kinaupa ukingo wa kulia mteremko unaotazama kusini, jua kutwa, na maji yanayorudisha mwanga na joto juu ya mashamba. Hiyo ndiyo Rheingau, nchi ya zabibu ya Riesling.

Kutoka mnarani fuata vibao vya Jagdschloss (jumba la uwindaji) au Sesselbahn (viti vya waya). Ni kilomita mbili hivi ndani ya msitu, njia nyepesi isiyo na mpando wa kutisha. Viatu vya kawaida vyenye soli nzuri vinatosha kama hakukunyesha. Mvua ikinyesha, majani ya vuli yanateleza kama ganda la ndizi. Njiani kuna Zauberhöhle, njia ya pangoni yenye giza iliyojengwa karne ya 18 na mwenye ardhi aliyependa kuwashangaza wageni wake: unapapasa ukuta gizani, mara unatokea kwenye mwanga. Washa tochi ya simu kama una mtoto. Karibu na hapo kuna Rossel, ngome ya magofu bandia ya mtu huyo huyo. Usiipite. Hapo ndipo unapoona Binger Loch kutoka juu, mahali mto unapoingia kwenye korongo, na chini yako Mäuseturm, mnara mdogo wa manjano uliosimama peke yake kwenye kisiwa. Mwamba mgumu umekatiza mto pale chini. Kwa karne nyingi mabaharia walipoteza vyombo hapo, na hata baada ya mwamba kupasuliwa ili kupanua njia, mnara ule uliendelea kutoa ishara kwa meli hadi mwaka 1974.

Viti vya waya vya kushukia Assmannshausen ni vya watu wawili, miguu ikining'inia, na havisimami kwa ajili yako. Mkoba wa mgongoni uvue na uuweke mapajani, simama kwenye alama, kiti kikikugusa nyuma ya magoti keti. Kofia ivue. Watu huanguka kwa sababu wanageuka kukitazama kiti. Sikiliza mhudumu na utazame mbele. Vifaa vyote viwili, magari na viti, husimama upepo ukizidi au radi ikisikika, na majira ya baridi hufungwa. Magari ya waya peke yake huwashwa tena wakati wa soko la Krismasi. Kama viti vimesimama, rudi mnarani ulikotoka badala ya kuteremka kwa njia za mashambani usizozijua.

Assmannshausen penyewe ni kijiji cha dakika 20. Wakati majirani wote wanapanda zabibu nyeupe, hawa wamejulikana kwa nyekundu, Spätburgunder.

Mji, baada ya kurudi

Drosselgasse ina urefu wa mita 144 na upana wa mita tatu hivi. Dakika 10 zinatosha kuiona. Zinazozidi hapo ni za kula. Chakula cha humo hakina ubaya, ila unalipia mahali. Panda hadi Oberstraße, au tembea dakika tano pembeni kwenye nyua za wakulima wenyewe, ukale kwa utulivu.

Asiyekula nguruwe ajue maneno mawili: Speck na Schinken, vyote ni kitimoto. Vinajificha kwenye Flammkuchen, mkate mwembamba wa malai na vitunguu, na kwenye Zwiebelkuchen, keki ya vitunguu ya msimu wa mavuno. Sema "ohne Speck" wakati wa kuagiza, maana ukisubiri sahani ifike umechelewa. Asiyekunywa pombe aulize Traubensaft, juisi ya zabibu, ambayo wakulima wengi wa mvinyo wanaitengeneza na ni nzuri kuliko za dukani. Na ajihadhari na Rüdesheimer Kaffee, kwa sababu jina lake ni la kahawa tu. Mhudumu anaweka vipande vitatu vya sukari kwenye kikombe kirefu kilichopashwa moto, anamimina sentilita nne za brandi ya Asbach, anawasha kwa kiberiti kirefu na kukoroga moto ukiwaka kwa dakika nzima hivi hadi sukari iyeyuke. Ndipo inaingia kahawa, halafu kilima cha malai yaliyopigwa na vanila, na chokoleti iliyokunwa juu. Moto hauondoi pombe yote. Mtindo huu ulibuniwa mwaka 1957. Kampuni ya brandi yenyewe ilianzishwa mjini hapo mwaka 1892. Hunywewa kupitia malai bila kukoroga tena; ukikoroga umeharibu kazi yake yote.

Septemba na Oktoba utaona chupa za Federweißer, maji ya zabibu ambayo bado yanachachuka. Kizibo chake kimeachwa kilegevu makusudi ili hewa itoke. Ukiilaza ndani ya mkoba itamwagika. Ukiikaza ili isimwagike itapasuka. Ibebe wima, inywe siku ile ile au kesho yake. Usiifikirie kabisa kwa ndege. Msimu huo pia ni wa nyigu, basi funika glasi yako kwa sahani ndogo, na tazama ndani kabla ya kila funda.

Kwenye vibanda vya mvinyo unalipa amana ya glasi na kurudishiwa ukiirudisha. Kipimo kidogo ni 0.1, yaani desilita moja, na hicho ndicho cha kuonjea. Trocken ni kavu, halbtrocken na feinherb ni katikati, lieblich ni tamu. Mwenye gari akumbuke kikomo cha pombe Ujerumani ni 0.5 kwa kila sehemu elfu moja za damu, na dereva mpya haruhusiwi hata tone. Kuwa na pesa taslimu za sarafu: vibanda vidogo na vyoo vya umma havipokei kadi kila mara.

Zabibu za shambani usizichume. Ni wizi, na wakati wa mavuno baadhi ya njia za mashamba hufungwa kabisa.

Kama umebakiwa na muda, kuna mahali pawili pa kuchagua. Siegfrieds Mechanisches Musikkabinett, nyumba ya ala zinazojipiga zenyewe, hutembelewa kwa kuongozwa tu, dakika 45 hivi, hivyo uliza kundi lijalo linaanza lini kabla ya kulipa. Cha pili ni Eibingen, kitongoji cha juu, ambako mifupa ya Mtakatifu Hildegard wa Bingen, sista Mbenediktini wa karne ya 12, imehifadhiwa katika kanisa la parokia. Alifariki mwaka 1179, na mwaka 2012 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Juu zaidi kuna abasia ya masista Wabenediktini yenye jina lake, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ina duka la mvinyo wao wenyewe. Waliokulia karibu na Peramiho au Ndanda, kwenye abasia za Wabenediktini nchini Tanzania, hawatapata shida kuutambua mpangilio wa maisha ya humo. Kwa miguu kutoka mjini ni kama dakika 45, mpando mtupu. Vaa inavyostahili na usipige picha wakati wa sala.

Korongo kwa boti

Rüdesheim ni mlango. Uzuri mkubwa uko chini ya hapo, bonde la kilomita 65 hadi Koblenz, ambalo UNESCO imelitambua kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2002. Meli yako ikipita usiku, umedhulumiwa. Uliza hilo kabla ya kununua safari. Aliyekuja kwa treni achukue boti ya abiria hadi St. Goarshausen na kurudi kwa reli. Kushuka na mkondo ni chini kidogo ya saa mbili, kupanda ni saa mbili na nusu hivi, na treni inarudi kwa karibu nusu saa. Ndiyo maana watu wenye akili hushuka kwa maji na kupanda kwa reli. Angalia jina tena: St. Goar iko ukingo wa kushoto, St. Goarshausen kulia. Ukiteremka St. Goar itabidi utafute pantoni ili kuifikia treni yako.

Huna haja ya mwongozaji. Ukingoni kuna vibao vyeupe vyenye namba nyeusi, kilomita zinazohesabiwa tangu daraja la Konstanz. Rüdesheim iko kwenye 526 hivi. Kwenye 530 ni Mäuseturm, kulia kwake magofu ya Ehrenfels. 533, kushoto, ngome ya Rheinstein, kisha Reichenstein na Sooneck. 543 kushoto ni Bacharach na ngome yake Stahleck. 546, katikati ya maji, Pfalzgrafenstein, ngome iliyojengwa kama meli ya mawe ili kutoza ushuru wa vyombo. Kaub iko nyuma yake. 550 hivi ni Oberwesel. 554 kulia ni Loreley, mwamba wa mita 132. Hapo mto unabanwa, unakuwa na kina kikubwa na kona zisizoonekana mbele, na ndiyo sababu utaona kwenye ukingo taa za mistari zinazomwambia nahodha kama kuna meli inakuja upande wa pili. Asubuhi keti ukiwa umeelekea kushoto: jua liko nyuma yenu na linaangaza ngome za upande huo. Jioni hali inageuka. Juu ya sitaha kuna upepo hata Julai, kwa hiyo beba koti.

Maji yakikosekana, maji yakizidi

Kinachoharibu safari za Rhine ni kimo cha maji. Wiki moja kabla ya kuondoka anza kufuatilia kipimo cha Kaub, Pegel Kaub, kwenye tovuti ya serikali ya Pegelonline. Namba unayoiona siyo kina cha mto. Ongeza sentimita 112 hivi upate kina cha njia ya meli: kipimo cha 78 ni mita 1.90. Oktoba 2018 kilishuka hadi 25, yaani mita 1.37 tu za maji. Hali ikiwa hivyo kampuni huwabeba abiria kwa mabasi au kuwahamishia meli nyingine iliyo upande wa pili wa kina kifupi. Ukame huja zaidi mwishoni mwa kiangazi na vuli. Mafuriko huja zaidi majira ya baridi na mwanzo wa masika. Kipimo kikipita mita 4.60 meli hupunguza mwendo na kukaa katikati ya mto, kikipita 6.40 hakuna meli inayoruhusiwa kusogea. Maji yakiwa chini, daraja la kushukia gatini linakuwa na mteremko mkali. Mwenye fimbo au kiti cha magurudumu aombe msaada mapokezi mapema.

Soma mkataba wa safari kabla ya kulipa: nyingi zinampa mwenye meli haki ya kubadili njia kwa sababu ya maji bila kukurudishia pesa.

Kwa anayetoka nyumbani

Njia ya Amsterdam hadi Basel inapita Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uswisi, zote ndani ya Schengen, kwa hiyo visa moja inatosha. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakakolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, nchi utakayoingilia. Hesabu usiku kwenye ratiba ya meli, gati kwa gati, maana wengi huomba Uholanzi kwa sababu ndege inatua huko, kumbe usiku mwingi ni wa Ujerumani, na maombi yanarudishwa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima isiyopungua euro 30,000, pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na idumu miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Mapokezi ya meli mara nyingi huikusanya pasi na kuitunza, kwa hiyo piga nakala yake mapema na utembee nayo mjini.